Uwanja Aliouchimba Gomer

Tegwen Prydderch alikuwa na hasira moja aliyoitunza vizuri kuliko vyombo vyake vya kaure. Hasira hiyo ilikuwa na jina la mtu: Bwana Fenwick Lascelles, wakili wa kampuni ya makaa. Ukimtaja huyo mbele ya Tegwen akiwa anakunja shuka, utaihurumia shuka. Bonde zima la Derw lilijua sababu, na wengi walikuwa na mkono wao katika kisa chenyewe, kwa hiyo walijizoeza kutomtaja. Lakini anayesimulia hawezi kumruka. Dhuluma haigeuki haki kwa sababu aliyeitenda alivaa kofia ndefu na kusema "tafadhali".

Mumewe, Gomer, alizaliwa katika nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Juu, mwana wa mchimba makaa, mjukuu wa mchimba makaa, na kabla ndevu hazijaota alikuwa ameshashuka shimoni na taa yake mkononi. Hakuwa mrefu. Mapana ndiyo aliyopewa, tena bila kipimo, na milango ya nyumba zetu aliipita ubavu. Halafu, kama vile Muumba alitaka kucheka kidogo, akampa sauti nyembamba tamu ya mtoto wa kwaya. Jumapili katika kanisa la Bethania wageni waligeuza shingo kumtafuta mwimbaji, wakamruka Gomer kwa macho, wakamkodolea kijana mwembamba aliyeketi jirani yake.

Uwanja wetu wa raga hatukupewa na mtu. Mwaka ule wenye migodi walipofunga milango ili kuwatia adabu wachimbaji, wanaume walikaa nyumbani tangu miti ilipochipua hadi majani yalipoanza kupukutika. Chakula kilikuwa supu ya kanisani, maji mengi na kitunguu kimoja kilichopotea njia. Mwanamume mwenye njaa na mikono iliyozoea kazi hukosana na mkewe upesi, basi wakaamua kuchimba. Bondeni hapakuwa na tambarare ya kutosha kuanikia hata shuka mbili. Wakaukata ubavu wa mlima kwa sururu na mabeleshi, mawe wakayamwaga mtoni, na udongo mzuri wakaubeba kwa ndoo kutoka kwenye bustani zao wenyewe. Gomer alikuwa wa kwanza kufika, na jioni alikuwa wa mwisho kuweka beleshi chini.

Tegwen alikuwa miongoni mwa wasichana waliopeleka supu. Siku ya kwanza Gomer alichungulia ndani ya kopo, akauliza, "Dada, hii ni supu au ni maji ya kuoshea vyombo?"

"Ni supu. Kwa mtu asiye na kazi, mdomo wako una kazi nyingi."

"Kazi ninayo. Hulioni jiwe lile?"

"Naliona. Naona pia limekushinda."

Lilikuwa jiwe bapa, kubwa kama meza ya jikoni, na wanaume wawili walikuwa wameshalikatia tamaa. Gomer akainywa ile supu yote bila kupumua, akarudisha kopo, akaenda. Hakulisukuma mtoni kama mengine. Alilipandisha mlimani, hatua kwa hatua, uso umemwiva, mpaka mahali palipouangalia uwanja wote, akalilaza pale.

"Hilo ni lako," alisema akihema. "Tukianza kucheza utakaa hapo unitazame."

"Nani kakwambia nitakuja kukutazama?"

Alienda, bila shaka. Wakaoana mwaka uliofuata, na kila Jumamosi Tegwen alikaa juu ya jiwe lile na shali yake begani, akimfundisha mwamuzi kazi kwa sauti ya juu.

Katika raga kuna msukumano uitwao skramu. Wachezaji wa mbele wa kila upande hushikana mabega, huinamisha vichwa, na husukumana kama mafahali zizini. Gomer alisukuma katika mstari wa kwanza, bega kwa bega na Idwal Beynon, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye sikio lake la kushoto lilibaki katika skramu moja mji wa pili na halikupatikana tena. Klabu yetu ikaanza kuogopwa. Haikupita muda, Gomer akaitwa kuichezea Wales yenyewe, akavaa fulana nyekundu, akapewa kofia ya taifa, ya mahameli, yenye kishada cha nyuzi za dhahabu. Tegwen aliifunga ndani ya karatasi laini, akaiweka kabatini kando ya Biblia. Jumatatu Gomer akashuka shimoni kama kawaida, na michubuko ya mwili ikiwa bado ya zambarau.

Sasa hapa ndipo pa kushika kichwa. Chama cha Raga kilikuwa na sheria kwamba mchezaji asipokee chochote, wala senti wala sufuria. Sheria hiyo ilitungwa na mawakili, madaktari na wenye viwanda, watu ambao wasipoonekana kazini Jumamosi mshahara hauwakimbii. Mchimba makaa akipanda treni kwenda kuichezea nchi yake, zamu yake inakatwa, na watoto wake wanaichezea nchi pia kwa kukosa siagi. Wakubwa wale wakaiita hali hiyo usafi wa mchezo. Mwenye shibe anamwambia mwenye njaa kwamba kula ni uchafu, na mwenye njaa anatakiwa apige makofi!

Katika timu hiyohiyo ya taifa alikuwamo kijana mmoja, Daktari Meyrick, mkimbiaji wa nyuma, mtu mpole asiye na kosa. Alipooa, wakubwa wa Chama walimchangia seti nzima ya chai ya fedha. Hakuna aliyesema kalipwa. Ilikuwa zawadi ya harusi.

Na mtu asiseme Gomer alikuwa na tamaa. Kaskazini mwa Uingereza walicheza raga ya kulipwa, na mawakala wao walikuwa wakiingia mabondeni kuchukua wachezaji. Mmoja alifika hadi jikoni kwa Tegwen, akaweka mfuko mzito mezani, kando ya bakuli la mchuzi wa kondoo. Gomer akaushika ule mfuko, akamrudishia mwenyewe mfukoni kwa upole. Kisha akamshika mguu mmoja, Idwal akashika wa pili, wakamtembeza mtaa mzima kichwa chini mpaka mtoni. Watoto walifuata wakiimba. Kofia ya wakala ilikwenda baharini peke yake. Miaka iliyofuata Tegwen aliukumbuka mfuko ule mara nyingi, na kila alipoukumbuka alijikasirikia.

Bega lilivunjika katika mechi na Waayalandi. Zamani zile hapakuwa na mchezaji wa akiba. Ukitoka, wenzako wanabaki pungufu. Gomer akabaki, mkono wa kulia umening'inia, akasukuma kwa bega la kushoto mpaka mwisho, na Wales ikashinda. Wakubwa waliimba wimbo wa taifa na machozi yakawatoka. Halafu wakaenda kula chakula cha jioni hotelini, na Gomer akarudi kwa treni, Idwal akimfungia viatu kamba.

Mfupa uliunga vibaya. Mkono ulikuwa hauinuki kupita kifua, na mchimbaji asiyeinua sururu ni mdomo tu wa kulishwa. Kampuni ikasema hakuumia shimoni, kwa hiyo haidaiwi kitu. Chama kikamwandikia pole. Pole ile Tegwen aliisoma kwa sauti, akaikunja, akawashia nayo jiko. Hayo ndiyo matumizi mazuri pekee iliyoyapata.

Lakini kwetu mtu haachwi hivyo. Nyumba ikipotewa na nguvu za mwanamume, majirani hufanya tamasha katika ukumbi wa kanisa, kwaya huimba, na kinachopatikana humnunulia mama wa nyumba mashine ya kukamulia nguo, ile yenye magurudumu mawili ya mbao na mpini wa kuzungusha. Akiwa nayo atafua nguo za mtaa na watoto watakula. Wajane wengi wa mlipuko wa mgodi waliishi hivyo, na kuikataa ni kuwatukana majirani usoni.

Eseia, fundi viatu na kiongozi wa kwaya, alikuja kupanga mambo jikoni kwa Tegwen. Idwal alikuwapo. Gomer alikaa karibu na moto, mkono umefungwa shingoni.

"Mashine ni ya Tegwen," Gomer alisema. "Mimi sitaigusa hata mpini. Chama kisije kikapata neno."

"Ondoa shaka," Eseia alisema. "Sasa, mwenyekiti wa heshima. Tunataka mtu mzito. Nimemfikiria Bwana Lascelles."

Kwetu tamasha lisilo na bwana mkubwa jukwaani ni kama mazishi yasiyo na chai. Hata hivyo Tegwen aliacha kumenya viazi. "Lascelles? Si ndiye anayekaa kwenye kamati ya Chama cha Raga?"

"Ndiyo uzuri wake, shemeji! Akishakaa jukwaani yeye mwenyewe, nani atafungua mdomo?"

"Paka hapewi ulinzi wa samaki, Eseia," Idwal alisema.

"Wewe una sikio moja, ndiyo maana unasikia nusunusu. Mtu akila keki yako, akacheka na watoto wako, atakugeuka? Hata wakili ana haya."

Tegwen hakuridhika. Lakini alikuwa na watoto wawili na jiko lisilo na makaa, tena Eseia alikuwa anamtendea wema, na si rahisi kumkatalia mtu anayekutendea wema. Akarudi kwenye viazi vyake. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote kuliko mengine.

Jioni ya tamasha ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mashine ilisimama jukwaani, mpya, imefungwa utepe. Kabla hawajaanza, Eseia akamwambia Gomer, "Kofia iko wapi? Vaa kofia yako."

"Ya nini?" Tegwen alidakia. "Aliyeumia ni mchimba makaa na baba wa watoto. Kofia iache kabatini."

"Tegwen, jamani! Watu wamekuja kumwona Gomer wa Wales. Uwanyime hata hilo?"

Na ukweli usemwe, Gomer mwenyewe alitaka. Miezi mingi alikuwa amekaa karibu na moto kama bibi kizee. Alipotokea jukwaani na kofia ile nyekundu, kishada kinacheza sikioni, ukumbi ulisimama. Wanaume wazima walilia. Walikuwa wanamlilia mchezaji wao, tena walipiga kelele za kumtaja hivyo, na Bwana Lascelles alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwao, akipiga makofi kwa glavu zake.

Lascelles alihutubia kwa Kiingereza, akachomeka neno moja la lugha yetu, akashangiliwa kama nabii. Alikula keki za Tegwen, nne, akasifu. Halafu, ili kuwafurahisha watu, akatoa kitambaa chake cha mfukoni, akakiloweka kwenye gilasi ya maji, akakipitisha katika mashine huku akizungusha mpini mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tegwen pia alicheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa kimeinuliwa juu jukwaani kila mtu akione.

Wiki mbili baadaye hukumu ikaja. Gomer Prydderch amejipatia faida kwa jina la mchezo. Kuanzia siku hiyo ni mchezaji wa kulipwa, haruhusiwi kucheza, kufundisha, wala kukanyaga uwanja wowote ulio chini ya Chama. Klabu itakayomfungulia lango itafungiwa nayo. Na aliyepeleka habari kwenye Chama, kwa maelezo kamili, na kofia ikiwamo, alikuwa mwenyekiti wa heshima.

Jumamosi hiyo Gomer alivaa koti lake la kanisani akateremka uwanjani. Pengine hakuamini. Langoni alisimama Idwal, maana baada ya kuacha kucheza ndiye aliyepewa kazi ya kupokea viingilio.

"Gomer," Idwal alisema, mkono ukiwa bado kwenye komeo la lango.

"Wamekwambia unifungie?"

"Wakinikuta nimekuingiza wataifungia klabu. Vijana wote, Gomer. Niambie tu. Ukisema nifungue, nafungua, liwalo na liwe."

Gomer alitazama nyasi nyuma yake. Ile kona ya mbali aliijaza yeye, ndoo kwa ndoo, akiwa na njaa. "Funga, ndugu yangu," alisema. "Vijana wacheze." Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Gomer alichimba, na kuingia akakatazwa na watu ambao hawajawahi kushika beleshi hata la bustani.

Tegwen hakuwa na upole huo. Jumatatu asubuhi alivua aproni, akavaa kofia yake nyeusi, akaenda ofisini kwa Lascelles bila kuitwa. Alimkuta anakunywa chai.

"Ulikula keki zangu," alimwambia.

"Mama Prydderch, tafadhali, keti."

"Nne. Nilizihesabu kwa furaha."

Lascelles akaweka kikombe chini taratibu. "Lazima uelewe. Nilikuja kwenu kama mgeni. Nilipeleka taarifa kama mjumbe. Ni mambo mawili tofauti."

"Na kitambaa chako je? Kilikuja kama nani?"

Wakili akakohoa. Akasema sheria ni sheria, haimtazami mtu usoni.

"Daktari Meyrick ilimtazama. Seti ya chai ya fedha alipewa na nani?"

"Ile ilikuwa zawadi ya harusi."

"Kumbe! Basi kosa letu ni kuoana mapema. Mume wangu amewavunjia bega lake mkapata cha kuimbia, sasa mnamwita mla rushwa kwa sababu mkewe anafua nguo za watu? Ichukue mashine. Nitaileta hapa mimi mwenyewe kwa mkokoteni, uizungushe mchana kutwa ukitaka. Mrudishieni uwanja wake."

"Hata ukiirudisha, jambo limeshaandikwa," Lascelles alisema. "Samahani sana. Naomba ufunge mlango ukitoka."

Aliuacha wazi. Kulikuwa na mvua.

Gomer akapata kazi ya wazee na wavulana, juu ya mgodi, kuokota mawe kwenye makaa kwa mkono mmoja. Na kila Jumamosi ya mechi alipanda mlimani, akakaa juu ya jiwe la Tegwen, akautazama uwanja kutoka huko. Mvua, theluji, alikuwapo. Mwanzoni vijana walipanda kukaa naye, akawafukuza. "Teremkeni mkalipe kiingilio, timu inahitaji jezi. Mimi sina ukoma wa kupewa wauguzi." Kupiga kelele hakupiga. Lakini timu yetu ikizidiwa, ile sauti yake nyembamba ilianzisha wimbo wa tenzi huko juu, peke yake, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza uwanja mzima chini ulikuwa umeudaka. Wageni waliuliza nani anaanzisha. Wakubwa waliokaa kwenye viti vya mbao walitazama viatu vyao.

Klabu iliandika kumwombea. Ikajibiwa hapana. Vita vikaja, vikachukua nusu ya vijana wa timu, vikaisha. Ikaandika tena, hapana. Lascelles akazeeka, akapewa cheo, akawa rafiki mkuu wa klabu yetu, jina lake likachorwa kwa dhahabu ukumbini. Gomer alikuwa akisema, "Waache, Tegwen. Ipo siku nitapita pale langoni na viatu vyangu." Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Hakutaka pole wala seti ya chai. Alitaka kupita pale kwa miguu yake. Tegwen alizungusha mpini wa mashine akanyamaza, maana akifungua mdomo angesema maneno ambayo shemasi asingeyapenda.

Kifua ndicho kilichommaliza, kama kinavyowamaliza wengi wetu, vumbi la makaa. Alikufa majira ya baridi, msimu wa raga ukiwa katikati.

Asubuhi ya mazishi kijana katibu wa klabu alifika jikoni, kofia mkononi, uso unang'aa kwa habari njema. Kwetu maziko hufuatwa na wanaume peke yao. Wanawake hubaki nyumbani kukata nyama na kuchemsha chai. Tegwen alikuwa ameshika kisu, amesimama mbele ya paja la nguruwe lililochemshwa.

"Bibi, Chama kimekubali," kijana alisema. "Lango litafunguliwa. Jeneza litapitishwa katikati ya uwanja, Bwana Lascelles mwenyewe atakuwepo. Amesema nikuambie kwamba wamemsamehe."

Tegwen akauliza, "Umesema wamefanyaje?"

"Wamemsamehe, Bibi."

"Asante, mwanangu. Nenda kanywe chai."

Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza mabegani. Sauti zao zilisikika zikishuka mtaa. Tegwen aliweka kisu chini, akafuta mikono, akavaa shali yake. Dada yake akamshika mkono. "Tegwen! Mwanamke hafuati jeneza. Watu watasema nini?"

"Watasema nilitoka bila glavu," Tegwen alijibu, akatoka.

Makaburini kwetu huendwa kwa njia mbili. Barabara ya chini hupita langoni mwa uwanja, na kijia cha mlimani ni kikali, hakipitiwi na jeneza. Maandamano yalikuwa yamefika langoni. Lango lilikuwa wazi kabisa, limefungwa utepe mweusi, na mbele yake alisimama Lascelles, mzee sasa, mkongojo na kofia ndefu, machozi yakiwa tayari. Idwal alikuwa wa mbele kati ya wabebaji, jeneza likiwa begani upande uleule aliokuwa Gomer katika skramu.

Wimbo ulikatika walipomwona mwanamke akipita katikati yao.

"Shemeji," Idwal alisema kwa sauti ya chini, "rudi nyumbani. Siyo desturi."

"Nyamaza, Idwal. Hilo sikio lililobaki linatosha kunisikia." Akasimama mbele ya wakili. "Bwana Lascelles. Nimeambiwa mmemsamehe mume wangu."

"Kwa moyo mweupe, Mama Prydderch. Ni heshima yetu leo kumfungulia."

"Mmemsamehe kosa gani?"

Lascelles akahamishia mkongojo mkono wa pili.

"Nauliza mbele ya wanaume wote hawa, ili nao wajue. Wakati anazikwa, mtu anapaswa kujulikana alikosa nini. Aliiba? Aliua? Alimsaliti mtu aliyemlisha keki?"

"Leo si siku yake, mama. Tumempa heshima kubwa..."

"Alikuwa na miguu, hamkumfungulia. Alisimama hapa na koti lake la kanisani, hamkumfungulia. Leo hana miguu, anabebwa, ndipo mnafungua, ili mlie mbele ya watu. Gomer alisema atapita hapa na viatu vyake. Viatu viko chini ya kitanda. Hapiti."

Akashika lango kwa mikono yake ya kufulia, lile bawa la kwanza, kisha la pili, akalivuta mpaka chuma kikagonga chuma. Utepe mweusi ulibanwa katikati. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia.

Idwal alitazama kijia cha mlimani. Alikuwa na umri wa kubebwa mwenyewe. "Vijana," alisema, "mnakumbuka skramu au mmesahau?" Wakakaza mabega, wakainamisha vichwa, wengine wakaja nyuma yao kuwasukuma kwa viganja vya mikono, na jeneza likaanza kupanda. Waliteleza, wakapiga magoti kwenye matope, wakainuka. Walipofika kwenye jiwe bapa walilipumzisha juu yake. Hapo Eseia, aliyekuwa hana sauti tena, akaanzisha wimbo ule wa Gomer, vibaya, juu mno, na bonde lote likaudaka.

Chini kule uwanja ulikuwa mtupu. Mzee mmoja mwenye kofia ndefu alikuwa amesimama nje ya lango lililofungwa. Tegwen alimtazama kwa muda, kisha akainama, akapangusa matope kwenye ubao wa jeneza kwa ncha ya shali. "Haya, mbebeni," alisema. Akatangulia yeye mbele ya jeneza kuelekea makaburini, na kati ya wanaume wote wale hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyumbani.